Bibi Anafagia Majani

Ilianza Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu huwa naiandika juu ya kila ukurasa wa shajara yangu, na siku ile niliiandika mara mbili. Ya kwanza haikusomeka.

Nilikuwa nimekwenda kupanga viti tu.

Kila Jumamosi watoto wa watu wetu wa hapa Hyattsville, ughaibuni, na wengine wanaoletwa kwa gari kutoka mbali, hukutana katika ukumbi mdogo ulio chini ya jengo letu la fleti kujifunza Kiswahili. Wapo wa Mombasa, wa Dar, wa Nairobi, wa Bukavu, na wa Tanga kama mimi. Wengi wao wanakisikia Kiswahili vizuri, ila ukiwauliza kitu wanakujibu kwa Kiingereza. Mwalimu wao alifundisha shule ya msingi Tanga miaka mingi, na siku hizi anafanya kazi kwenye ghala la dawa. Shule yangu ya sekondari inatutaka tujitolee saa kadhaa kabla ya kuhitimu. Mama anajua kwamba kuongea mbele ya watu kwangu mimi ni sawa na kung'olewa jino, kwa hiyo alinitafutia kazi isiyo na maneno: kupanga viti, kumimina juisi, kufuta ubao. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliipenda sana kazi hiyo.

Sasa siku hiyo Mwalimu alikuja na mafua, sauti imemkauka kabisa. Alifungua mdomo kutoa salamu, ikatoka hewa tupu. Watoto kumi na mmoja wakaangua kicheko. Hakukasirika. Alichukua kalamu akaandika ubaoni: SHAIRI. MSIMU WA MAJANI KUANGUKA. BAADA YA WIKI NNE WAZAZI WATASIKILIZA. Halafu akageuka, akaninyooshea mimi kidole, akaenda kuketi nyuma kabisa na kahawa yake ya kikombe cha karatasi.

Nilimfuata hadi pale nyuma. "Mwalimu, mimi siwezi," nilimnong'oneza.

Akachana kipande cha karatasi, akaandika: "Mimi pia siwezi. Lakini wewe una sauti."

Nilisimama mbele yao. Waliniangalia kama wanavyoangalia mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nilijua nikibaki mle ndani dakika moja zaidi nitalia, na nitalia mbele ya watoto wa darasa la pili, kwa hiyo nikasema maneno mawili tu: "Twendeni nje." Wakatoka mbio hata kabla sijayamaliza.

Nje, kando ya maegesho ya magari, kuna miti sita mikubwa, na wakati ule ilikuwa imeanza kumwaga majani. Nikawaambia kila mmoja achague jani lake moja, aje aniambie linafanana na nini. Hilo sikulisoma popote, ni kitu ninachokifanya mwenyewe nikiwa nangoja basi na sitaki mtu anisemeshe. Basi wakaanza kuja, na sikuhitaji kuongea tena, kazi yangu ikawa kusikiliza.

"Hili ni chipsi iliyoungua."

"Hili ni chai ya maziwa."

"Dada, langu lina mishipa kama mkono wa babu."

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi, wazazi wake Wakongo, ambaye hajui kunyamaza. Alikuja na majani mkono mzima. "Dada, miye niko na saba! Na mama yangu anasemaka majani ni kazi ya bure, unaokota leo, kesho inarudia."

"Nimesema moja."

"Basi nichagulie wewe, miye nazipenda zote."

Wa mwisho wao alikuwa msichana wa miaka minane, mwenye koti la njano, ambaye hakuchagua jani lolote. Alikaa ukingoni mwa njia akichora ardhini kwa kijiti. Nilimtambua mara moja. Watu wa namna yetu tunajuana hata bila kusalimiana.

Saa sita mama yake alipokuja kumchukua, alinivuta pembeni. Ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa, na siku hiyo alikuwa bado amevaa sare. "Mdogo wangu, sikiza," aliniambia. "Mamangu alikuja mwezi wa tano kututembelea. Anarudi kesho yake ya hiyo siku yenu ya wazazi. Miezi sita hii yeye na mjukuu wake wazungumza kupitia kwangu. Bibi asema, namfasiria mtoto. Mtoto ajibu Kizungu, namfasiria bibi. Nikienda kazini wanakaa kimya wawili hao kama watu waliokutana kwa daktari. Nataka siku hiyo bibi asikie japo maneno mawili ya mjukuu wake, mimi nisiwe katikati. Utanisaidia?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa tayari nimeshaogopa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuandika. Mwalimu alikuwa bado hana sauti. Niliwaambia wasitafute maneno makubwa, waandike kile wanachokiona wenyewe msimu huu, nyumbani kwao, si kile kilicho kwenye picha. Wa koti la njano alikaa nusu saa bila kuandika. Halafu nikamwona ameinua mkono, chini chini, kwenye usawa wa bega.

"Dada," alisema. "Broom inaitwaje?"

"Ufagio."

"Na ku-sweep?"

"Kufagia. Bibi anafagia."

Akaguna, akainamia daftari. Alipomaliza hakulileta, aliliacha wazi juu ya meza akaenda kunywa juisi, makusudi, ili nilisome akiwa hayupo. Alikuwa ameandika hivi:

Bibi anafagia majani.
Kesho yamerudi.
Bibi anafagia tena.
Nikienda shule nasikia ufagio.
Bibi akiondoka majani yatakaa.

Nilisoma mara tatu. Nilipoinua macho alikuwa amejificha nyuma ya kikombe akinichungulia. "Nataka Bibi asikie," alisema, kwa Kiingereza. "Lakini usimwambie sasa." Nikaapa kwa kuweka mkono kifuani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, hata mama akaniuliza kama nimefaulu mtihani.

Jumamosi ya tatu sauti ya Mwalimu ilirudi, na pamoja nayo ikarudi mizani.

Kwa Mwalimu, shairi ni lile lenye vina na mizani: kila mstari vipande viwili, kila kipande silabi nane, na miisho inayofanana. Si kwamba ni mkali. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha maisha yake yote, na kusema kweli anafundisha vizuri. Anagonga meza kwa kifundo cha kidole kwa kila silabi, na mstari ukizidi au ukipungua, anagonga mara moja kwa nguvu, ko! na mtoto anajua amevunja. Watoto walilipenda jambo hilo. Saa nzima ukumbi ulisikika kama karakana ya maseremala. Walipima majina yao, walipima "Coca-Cola", walipima hata adhana. Yule Mkongo aligundua kwamba jina lake kamili lina mizani kumi na moja, akatangaza kwamba yeye ni mtu aliyezidi.

Baadaye Mwalimu alinipa madaftari yote kumi na moja. "Umewafungua midomo, hongera," alisema. "Sasa zinyooshe kazi zao zikae kwenye mizani. Siku ile watakuja wazazi wanaojua. Kuna mmoja wa Pemba huyo, anahesabu kwa vidole chini ya meza, mimi namwona. Sitaki tuaibike."

"Zote, Mwalimu?"

"Zote. Wewe wa Tanga, utashindwa?"

Sitasema uongo hapa: nililifurahia lile swali. Tangu nije nchi hii nikiwa na miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu mimi siwezi kushindwa. Wiki nzima nilijifungia bafuni, bomba likimwaga maji ili mama asinisikie, nikigonga silabi kwenye ukingo wa sinki. Nilifuta kwa raba yale ya watoto, nikaandika juu yake yangu. Chipsi iliyoungua iliondoka, ikaja dhahabu. Mkono wa babu ulikuwa mrefu mno, ukaondoka pia. Na kwenye daftari la koti la njano niliandika beti mbili nzima, zilizoanza hivi:

Majani yapukutika, msimu wake ni huu,
Bibi anafurahika, ayatazama ya juu.

Nilihesabu: nane, nane, nane, nane. Nilijiangalia kwenye kioo nikacheka peke yangu. Nilijiona mshairi.

Jumamosi ya nne niliwarudishia. Wengi walifurahi, kwa sababu mashairi sasa yalikuwa na mlio wa kitu cha redioni. Yule Mkongo alisoma lake kwa sauti kubwa, akaliangalia tena, kisha akaniangalia mimi. "Dada, hii ni muzuri sana," alisema. "Ila ni ya nani?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Sikuelewa kwamba alikuwa anauliza.

Wa koti la njano alikuwa akifuata mistari kwa kidole, neno moja moja, midomo ikitembea. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Akaugeuza ukurasa kuangalia kama kuna kitu nyuma.

"Ufagio uko wapi?" aliuliza. Na hilo aliliuliza kwa Kiswahili.

"Ulikuwa unavunja mizani," nilimwambia. "Nimekuwekea kitu kizuri zaidi."

"Bibi yangu hafurahiki," alisema. "Anafagia."

Halafu akafunga daftari, akavuta kofia ya koti mpaka ikamfika kwenye pua, akasema kwa Kiingereza kwamba hatasoma. Si kwa hasira. Alisema tu, kama mtu anayekuambia kwamba duka limefungwa. Nilichuchumaa karibu yake, nikambembeleza, nikamwahidi biskuti. Hakutoka kwenye kofia hadi mama yake alipokuja. Na mama yake alipouliza, "Shairi lendeleaje?" mimi niliangalia viatu vyangu nikasema, "Vizuri."

Usiku ule shajara yangu ina mstari mmoja tu. Sitauandika hapa.

Nilikaa na jambo hilo siku sita. Jumatatu nilijiambia ni mtoto, atasahau. Jumanne nilijiambia Mwalimu ndiye aliyenituma. Jumatano, darasani, mwalimu wetu wa historia aliniuliza swali, na mimi nikiwa najua jibu nikasema sijui, kama kawaida yangu, na papo hapo nikaona kofia ya njano. Huyu mtoto alifungua mdomo mara moja tu, kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyeufunga. Na bibi yake anaondoka Jumapili.

Ijumaa nilipotoka shule sikupanda basi la nyumbani. Nilitembea hadi mtaa wao, ambako nilikuwa nimewahi kuwasindikiza mtoto na mama yake kwa miguu siku gari lao lilipogoma. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kusema mlangoni na niliyarudia njia nzima. Hayakunisaidia kitu, maana mlangoni hakukuwa na mama. Alikuwapo bibi, amejitanda leso mbili, na sweta ya mwanamume juu yake, na ufagio wa ndani wa plastiki, anafagia njia kutoka kwenye ngazi hadi barabarani. Njia ilikuwa safi kama sahani. Pande zote mbili za nyumba, kwa majirani, majani yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamtaka nani?"

"Mimi ni... namsaidia Mwalimu. Yule wa Jumamosi."

"Aaa! Wewe ndiwe mwalimu wa mjukuu wangu? Mbona mdogo hivi? Haya, mwalimu, nishikie huu." Akanipa mfuko mkubwa wa majani niufungue mdomo. Nikaweka mkoba chini nikashika. Angalau mikono ikapata kazi.

"Watu wa hapa wana mashine ya kupuliza," alisema akijaza mfuko. "Wamewahi kukwambia kazi yake? Huyu bwana wa hapa kando huyapuliza majani yake, yaja kwangu. Na mimi nayafagia, nampelekea. Twaamkiana hivyo kila siku, hatujuani hata kwa jina."

Nilicheka. "Bibi, si wamekununulia reki?"

"Reki ya shamba, mwanangu. Uwanja wafagiwa."

"Lakini kesho yataanguka tena."

"Na vyombo kesho vitachafuka tena. Nyinyi kwenu hamuoshi?" Aliegemea ufagio kupumzika. Akatupa jicho kwenye dirisha la juu. "Yule mtoto asubuhi husimama pale akanitazama. Namuona. Akijua namuona, ajificha nyuma ya pazia. Sijui huwaza nini. Kumuuliza siwezi, na yeye kunambia hawezi. Ntaondoka Jumapili nisijue."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nalijua neno kwa neno, mistari mitano, na lilinifika hadi kwenye meno. Lakini nilikuwa nimeapa, na pia halikuwa langu kulisema. Nilikuwa nimeshasema vya kutosha kwa niaba ya yule mtoto. Nikafunga mfuko kwa fundo, nikafunga la pili.

Basi la shule la manjano likaja. Mtoto aliponiona alisimama kwenye ngazi ya basi hadi dereva akamwita. Bibi akaingia ndani kutuandalia chai, na sisi wawili tukakaa kwenye ngazi za nyumba, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilimwambia. "Nilifuta maneno yako bila kukuuliza."

Alikuwa anavuta uzi kwenye glavu.

"Kwa nini?" aliuliza mwishowe, kwa Kiingereza. Na kuanzia hapo tuliendelea hivyo, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu.

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nikampa lile la kweli. "Nilitaka Mwalimu aone kwamba mimi najua."

"Lako lilikuwa na mlio mzuri," alisema.

"Lakini halikuwa na ufagio."

"Halikuwa na ufagio," alikubali. Kisha: "Nikisoma langu Mwalimu atagonga meza. Mbele ya watu. Bibi atadhani nimekosea."

"Hatagonga. Nitamwambia."

Akanigeukia, kwa mara ya kwanza, macho yamemtoka. "Wewe? Wewe huongei!"

Lilinichoma, halafu likanichekesha, na yeye alipoona nacheka akacheka kidogo pia ndani ya kola. Nikamuuliza kama anayakumbuka maneno yake, maana kwenye daftari yalikuwa yamefutika. Alisogea, akaziba ile nafasi ya mtu mmoja, akaninong'oneza sikioni mistari yote mitano bila kukwama. Nilinyoosha penseli aandike. Akakataa. Alisema safari hii atayaweka kichwani, mahali ambapo mtu hawezi kuyafuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Niliomba viti vya ziada kutoka ofisi ya jengo, jambo ambalo wiki nne nyuma ningemwachia mtu mwingine. Kulikuwa na mahamri, sambusa, na sufuria la wali la mama yake Mkongo wetu. Mwalimu alivaa koti na kofia yake iliyotariziwa. Nilimkuta mlangoni akipokea watu, na nilijua nisipolisema hapo hapo sitalisema tena.

"Mwalimu, kuna shairi moja leo halina mizani. Naomba usigonge."

"Halina? Si nilikwambia uzinyooshe?"

"Nililinyoosha. Likafa." Sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia, mpaka baba mmoja akageuka. "Ni kosa langu. Mtoto atasoma lake alivyoliandika."

Mwalimu alishusha miwani. "Binti yangu, shairi bila mizani ni barua."

"Basi leo asome barua. Anayeandikiwa amekuja."

Nilimwonesha kwa macho. Bibi alikuwa ameketi safu ya mbele, mkoba magotini, amekaa wima kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa. Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi, akakuna kidevu. Aliingia ndani akaketi mezani kwake, na moyo wangu ukaingia naye.

Walisoma mmoja mmoja. Mashairi yalitiririka, nane kwa nane, na wazazi walipiga makofi na kusema mashaallah na kurekodi kwa simu. Mzee wa Pemba alikuwa kweli anahesabu chini ya meza, na kila mara alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipaswa kufurahi. Lakini kila walipopiga makofi nilijua wanayempigia ni mimi, na wale watoto hawajui.

Wa koti la njano alikuwa wa tisa. Alikuja bila daftari. Mama yake akainamia sikio la bibi tayari kufasiri.

"Bibi anafagia majani," alisema. Sauti ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza. "Kesho yamerudi."

Mzee wa Pemba aliinua kichwa. Kidole cha Mwalimu kilikuwa juu ya meza, kimeinuka. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na juisi, na nilikuwa nimekikazia macho kile kidole kama vile naweza kukishikilia kutoka kule.

"Bibi anafagia tena. Nikienda shule nasikia ufagio."

Akakwama. Aliangalia juu kwenye taa. Aliniangalia mimi, nami nikafungua mdomo, na nikaufunga, kwa sababu haikuwa zamu yangu. Mama yake alikuwa ameshika shingo. Kisha mtoto akashusha macho, akamwangalia bibi yake moja kwa moja, hakumwangalia mtu mwingine.

"Bibi akiondoka majani yatakaa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mtu alikuwa amesahau kufasiri, na hakukuwa na haja. Bibi alikaa vile vile, wima, mdomo ukicheza. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliye uwanjani kwake:

"Nani alokwambia yatakaa? Utayafagia wewe!"

Watu wakacheka, na mtoto hakurudi nyuma.

"Mimi naenda shule, Bibi."

"Urudipo."

"Nikirudi ni baridi."

"Sweta nakuachia. Na ufagio uko nyuma ya mlango."

Mtoto alifikiri. "Nitafagia ngazi," alisema. "Barabara sitaki."

"Ngazi zatosha," bibi akasema. "Njoo hapa." Na alipokwenda, bibi alimkamata kwa mikono miwili akamwuliza kitu sikioni, na mtoto akamjibu, na bibi akauliza tena, na mtoto akajibu tena. Wa kumi ilibidi aanze kusoma na wao bado wanaendelea. Mama wa mtoto alikaa kando yao, mikono mitupu, mtu ambaye kazi imemwishia ghafla.

Tulipokuwa tunakunja viti Mwalimu alinijia. "Mstari wa tatu ulikuwa na mizani tisa," alisema.

"Ulihesabu, Mwalimu?"

"Siwezi kutohesabu, ni kama kupumua. Lakini sikugonga." Akachukua kiti kutoka mkononi mwangu, akakikunja. "Mwaka ujao utachukua wewe watoto wa chini, mimi nitachukua wakubwa. Wako waandike barua." Alikuwa anacheka, lakini alisubiri jibu. Nikasema sawa, nikiwa nimemwangalia yeye, si viatu.

Asubuhi ya pili, Jumapili, niliamka mapema kuliko mama. Niliyachukua madaftari yote kumi na moja, ambayo watoto walikuwa wameyaacha mezani ukumbini jana yake kwa ajili ya sambusa, nikakaa nayo jikoni na penseli. Nilichora mstari mwembamba juu ya kazi yangu, na chini yake nikaandika ya kwao, kadiri nilivyokumbuka. Chipsi iliyoungua. Chai ya maziwa. Mkono wa babu. Nyingine ziliacha alama chini ya raba, niliinua karatasi dirishani nikazisoma. La yule Mkongo nilikumbuka lote isipokuwa mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeusugua hadi karatasi ikatoboka.

Mimi na simu hatuelewani. Lakini ilipofika saa tatu nilipiga kwa yule Mkongo, mama yake akapokea, nikamwamkia, nikamwambia samahani kwa kumsumbua Jumapili, namhitaji binti yake, kuna mstari wake nimeupoteza. Nilisikia miguu inakimbia. "Dada? Ni miye." Nikamwambia anisomee, polepole, na nikaandika kama alivyosema.